Karabai na Wavu: Je, Timu Inayozama Ilete Winga?

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Mwanga wa mwezi unaushinda mwanga wa taa, dagaa wanatawanyika, na boti zinalala mchangani Ujiji na Kibirizi. Hizo ndizo siku za vikao kwetu: vikao vya harusi, vya madeni na vya mpira. Kikao cha timu yetu ya mtaa kilikaa siku kama hizo, chini ya mwembe, na ajenda ilikuwa moja tu. Tumefungwa mechi tano mfululizo. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, kuna kijana winga ambaye akikupita hatua mbili humpati tena. Anataka pesa yake mkononi na mahali pa kulala. Tumlete au tusimlete?

Pesa ipo, lakini ndiyo hiyohiyo. Ni michango ya wenye boti, ya mama wauza mawese na ya sisi vijana, iliyokusanywa tangu mwanzo wa msimu kwa ajili ya nauli za mechi za ugenini, jezi na dawa za majeruhi. Tukimpa winga, nauli hamna. Tusipompa, huenda tukashuka daraja, na timu ikishuka vijana watatawanyika kama dagaa wa mbalamwezi.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa methali: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wakapiga makofi. Kumbe nyuma kulikuwa na mzee mvuvi aliyekaa kimya muda wote. Akajibu kwa nyingine: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Hapo ndipo kikao kilipovurugika, kila mtu akawa kocha.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kuandika mihutasari, si kutoa hotuba. Lakini kikao kiliahirishwa hadi Alhamisi bila uamuzi, na tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: je, historia inasemaje? Maana sisi si wa kwanza. Timu kubwa kuliko yetu, na hata serikali, zimewahi kuzidiwa na kukimbilia kuleta mkombozi kutoka mbali. Ndugu msomaji, hebu tuyatazame mambo hayo kwa utaratibu, halafu uniambie ungepiga kura upande gani.

Mgeni ghali wa kwanza

Mgeni ghali aliyeletwa Kigoma kuokoa jahazi hakuwa mchezaji. Alikuwa meli.

Wajerumani waliijenga mjini Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen. Ilipokamilika waliifungua tena vipande vipande, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na kwa reli hiyo masanduku yale yalisafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi ufukweni. Hapo mafundi wakaiunga upya, ikashushwa majini Februari 1915. Vita vya kwanza vya dunia vilikwisha kuanza. Hakukuwa na chombo kikubwa kuizidi katika ziwa lote, na ilifungwa mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyoharibiwa katika mto Rufiji.

Kwa maneno ya kijiweni, usajili wa nguvu.

Sasa tazama kilichotokea. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika hadi ziwani. Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ile kubwa haikukutana nazo hata siku moja. Huko nchi kavu Wajerumani walikuwa wanazidiwa kila upande, wakahitaji silaha. Wakaung'oa ule mzinga wa meli wakaupeleka vitani bara, na mahali pake wakaweka mzinga wa bandia. Julai 1916, Wabelgiji walipoukaribia mji, Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao karibu na Kigoma.

Mgeni wa siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Meli ilikuwa nzuri, hakuna aliyebisha. Lakini upande ulioinunua ulikuwa unavuja kila mahali, na upande unaovuja humnyang'anya mgeni kile hasa alicholetwa nacho.

Habari haikuishia hapo. Mafundi walikuwa wameipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mtoto wa Kigoma analijua: Liemba. Safari hii haikuombwa kushinda vita. Ilipewa kazi ya kubeba abiria, mahindi, dagaa na mananasi, na kazi hiyo ikaifanya kwa miaka mingi kupita umri wa babu zetu. Chuma kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kazi iliyopewa na watu walioizunguka.

Winga wa Kinshasa na fainali ya Kigoma

Turudi kwenye mpira. Kama kuna timu Tanzania iliyotufundisha somo la winga, basi ni Yanga, na ukurasa mmoja wa somo hilo uliandikwa hapahapa Kigoma.

Yanga walichukua ubingwa wa Bara msimu wa 2016/17, kisha mambo yakawaharibikia. Pesa zilikata. Wapenzi wanakumbuka enzi za kocha Mwinyi Zahera, timu ikitembeza bakuli, mashabiki wakichanga wanachoweza. Simba wakachukua ubingwa mwaka hadi mwaka. Hatimaye wadhamini wakapatikana, na katikati ya mwaka 2020 Yanga wakaenda Kinshasa, kwenye klabu ya AS Vita, wakarudi na watu wawili: kiungo Mukoko Tonombe na winga Tuisila Kisinda.

Kisinda alikuwa na mbio za kweli. Novemba 7, 2020, Yanga walipocheza na Simba, alimtia tabu beki Joash Onyango hadi akamwangusha, ikawa penalti. Michael Sarpong akafunga. Jiji zima la Dar upande mmoja likaamini mkombozi amefika. Lakini mpira haukuishia kwenye penalti ile. Dakika za mwisho Simba walipata bao, na mfungaji alikuwa Onyango huyohuyo. Sare 1-1. Winga aliwapatia bao, ulinzi ukalirudisha.

Msimu ule ulikuwa hivyohivyo. Yanga waliongoza ligi muda mrefu, kisha wakaanza kuteleza. Walianza na kocha Zlatko Krmpotić, akaondoka Oktoba. Akaja Cedric Kaze, akaondolewa Machi 2021. Aprili akaja Nasreddine Nabi. Winga mmoja, makocha watatu ndani ya msimu mmoja! Kila kocha ana mafunzo yake: huyu anataka winga abaki juu, yule anataka arudi kukaba. Kijana wa watu afanyeje? Simba wakachukua ubingwa tena.

Likabaki Kombe la Shirikisho. Fainali ilichezwa Julai 25, 2021, katika uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Watu walikuja kwa treni, kwa mabasi, na wengine kwa boti kutoka vijiji vya kaskazini na kusini. Kabla ya mapumziko Mukoko alipewa kadi nyekundu. Yanga wakabaki kumi, na timu ikibaki kumi winga ndiye wa kwanza kupewa jembe, arudi kulinda. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi, Simba walipata kona, Taddeo Lwanga akapiga kichwa: 1-0. Kombe likaondoka. Na tazama, bao lile halikutokana na mbio za winga yeyote. Lilitokana na kona na kichwa cha kiungo mkabaji.

Sasa hapa ndipo penye elimu. Siku chache baadaye, Agosti 2021, Yanga walimuuza Kisinda kwa RS Berkane ya Morocco. Wakaleta kipa Djigui Diarra, beki wa kulia Djuma Shaban, Yannick Bangala wa katikati ya ulinzi, kiungo Khalid Aucho na mshambuliaji Fiston Mayele. Winga mpya pia alikuwemo, Jesus Moloko, lakini safari hii winga alikuja pamoja na uti wa mgongo. Nabi akaachwa afanye kazi msimu mzima. Msimu wa 2021/22 Yanga walikuwa mabingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi.

Kisha Kisinda akarudi, mwaka 2022. Msimu ule Yanga walitetea ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Winga yuleyule na miguu ileile. Mwaka 2020 aliikuta nyumba haina kuta. Mwaka 2022 aliikuta imekwisha ezekwa.

Mtu mmoja, timu tatu

Utaniambia: "Katibu, hiyo ni Yanga, wana pesa." Haya, tumchukue mtu ambaye Mtanzania yeyote anamjua, Mbwana Samatta. Si winga wa kuzaliwa, ni mshambuliaji, lakini hoja ni ileile: mgeni anayesubiri wengine wamfikishie mpira.

Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi walimchukua kutoka Simba. Mazembe hawakuwa wanazama. Walikuwa wametwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 walifika fainali ya klabu bingwa ya dunia. Samatta aliingia kwenye nyumba iliyosimama, na mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika akiwa nao, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Huko nako alikuta timu inayojua kumlisha. Msimu wa 2018/19 Genk walikuwa mabingwa, na yeye akafunga mabao 23 ya ligi.

Kisha ikaja Aston Villa. Januari 1, 2020, mshambuliaji wao Wesley aliumia. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, na tarehe 20 mwezi uleule wakamnunua Samatta. Sote tukawa Villa. Hata bibi zetu, ambao hawajui Birmingham iko wapi, waliuliza "Villa wamecheza?" Akafunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, Villa wakafungwa 2-1. Akafunga kwa kichwa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 1, 2020. Villa wakafungwa 2-1. Kisha Korona ikasimamisha kila kitu.

Villa walinusurika, tena kwa pointi moja tu: 35, wakati Bournemouth na Watford walikuwa na 34. Lakini ni nini kilichowanusuru? Katika mechi nne za mwisho walifungwa mabao mawili tu na kuokota pointi 8. Na ile sare ya 0-0 na Sheffield United ilitokana na bahati: kipa wao aliuingiza mpira golini akiwa ameukumbatia, na mtambo wa kuamua bao ukashindwa kuuona. Samatta alimaliza ligi akiwa na bao moja katika mechi 14. Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo.

Je, alikuwa ameishiwa? Mtu aliyefunga Anfield dhidi ya Liverpool miezi michache tu kabla haishiwi kwa kuvuka bahari. Alikuwa yuleyule. Ila timu inayozama haina muda wa kumzoea mgeni wala mpira wa kumpa. Inapata mpira mara chache, na ikiupata inautoa kwa woga. Villa wenyewe walijifunza: msimu uliofuata walinunua kipa, Emiliano Martínez, na beki, Matty Cash, pamoja na mshambuliaji Ollie Watkins.

Kutoka Nyarugusu hadi Dallas

Nina rafiki aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ambaye sasa anaishi Texas, Marekani. Nilimsimulia habari za kikao chetu kwa simu, akacheka. Akasema huko watu wanagombana juu ya jambo hilohilo, ila mpira wao ni ule wa kushika kwa mikono. Winga wao ni mpokeaji wa pembeni: anakimbia ukingoni mwa uwanja, anarushiwa mpira kutoka mbali, anaudaka. Klabu za kule mara nyingi hazinunuani wachezaji kwa pesa. Zinabadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa haki ya kuchagua vijana wapya wa mwakani. Yaani ukimtaka winga leo, unamlipa kwa watoto wa kesho.

Klabu ya mji wao, Dallas Cowboys, imeonja pande zote mbili. Mwaka 1989 ilikuwa hoi kabisa. Msimu ule ilishinda mechi moja na kupoteza 15. Lakini haikuleta nyota. Iliuza nyota iliyekuwa naye, Herschel Walker, kwa Minnesota Vikings, ikapewa wachezaji kadhaa na rundo la haki za kuchagua vijana. Watu waliona wamerogwa. Kupitia haki hizo ilimpata, miongoni mwa wengine, Emmitt Smith, ambaye hatimaye alikimbia yadi nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi ile. Dallas ikawa bingwa kwa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Minnesota, waliodhani wamenunua ubingwa, hawakuupata.

Sasa usikimbilie kusema "basi tusinunue kamwe." Oktoba 2018 Dallas hiyohiyo ilikuwa inayumba, imeshinda tatu na kupoteza nne. Safari hii ilinunua. Ilimchukua mpokeaji wa pembeni Amari Cooper kutoka Oakland kwa haki ya kuchagua kijana wa kwanza wa mwaka uliofuata. Ikashinda saba kati ya mechi tisa zilizobaki na kuongoza kundi lake. Kwa nini? Kwa sababu mrushaji alikuwepo, Dak Prescott. Mkimbiaji alikuwepo, Ezekiel Elliott, aliyeongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia mwaka ule. Ulinzi ulikuwepo. Timu ilikuwa imekamilika ila pembeni, na pengo likazibwa na mtu wa pembeni.

Kwa hiyo swali si "tununue au tusinunue." Swali ni: tumepungukiwa nini?

Kwa nini winga hasa

Fikiria safari ya mpira hadi umfikie winga. Kipa lazima audake. Beki autoe bila kubutua. Kiungo ainue kichwa, aone pembeni, apige pasi inayofika. Halafu winga akishamtoka mtu na kumwaga krosi, awepo wa kuimalizia. Winga yuko mwisho wa njia, kama Kigoma ilivyo mwisho wa reli. Njia ikikatika Tabora, hakuna kinachofika Kigoma hata stesheni iwe nzuri namna gani.

Na bado nakiri upande wa pili una hoja, tena nzito. Winga analeta watu uwanjani. Hakuna anayelipa kiingilio kumwangalia beki akijipanga vizuri. Timu inayofungwa kila wiki inahitaji kitu cha kuwafanya vijana waamke na kwenda mazoezini, na matumaini nayo ni mtaji. Mama mmoja muuza mawese alisema kikaoni: "Mimi nilichanga ili nione mpira, sijachanga ili nione nauli." Hakuna aliyeweza kumjibu, mimi nikiwemo. Bao la Samatta pale Wembley halikuleta kombe, lakini waulize vijana wa siku ile kama halikuwa na thamani.

Ila matumaini ya kukopa yana riba. Mgeni akishindwa, hatalaumiwa yule beki aliyeacha pengo. Atalaumiwa mgeni. Nimeona vijana wa ng'ambo wakija mitaani kwetu kwa vigelegele, na baada ya mechi nne wakitafuta nauli ya boti wenyewe, usiku, bila wa kuwasindikiza. Huo si mpira, tusidanganyane. Kama hatuwezi kumtunza mtu akishindwa, hatuna haki ya kumwita aje kutuokoa.

Tuliowazaa wenyewe

Jambo jingine tunalolisahau: mkoa huu umemtoa mtu aliyeokoa timu nyingi, naye hakuwa winga. Juma Kaseja alizaliwa Kigoma mwaka 1985, akawa kipa. Mwaka 2003 alikuwa golini Simba walipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti, tena Cairo kwao. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 34 na wengi wakidhani amekwisha, alikuwa golini Taifa Stars ilipokutana na Burundi, jirani zetu wa ziwa hili, kuwania nafasi ya kuendelea katika mchujo wa Kombe la Dunia. Mechi ikaenda penalti. Tanzania ilipata tatu, Burundi haikupata hata moja.

Na tazama Mashujaa, timu ya jeshi iliyoirudisha Kigoma kwenye Ligi Kuu. Ilipanda mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City katika mchujo. Msimu wake wa kwanza watu waliiandikia kaburi mapema. Haikushuka, zilizoshuka ni Mtibwa Sugar na Geita Gold. Aprili 2024 Simba walikuja Lake Tanganyika kwa mechi ya Kombe la Shirikisho, na mabawa yao yote. Dakika 90 zilikwisha kwa sare ya 1-1. Mashujaa wakawatoa kwa penalti. Usiku ule Mwanga hapakulalika. Kufika kwenye penalti na Simba si kazi ya winga mmoja. Ni kazi ya watu kumi na mmoja waliokataa kufungwa bao la pili.

Alhamisi

Basi nimeamua nitakachosema. Nitaomba dakika tano za katibu, nami sitasema "ndiyo" wala "hapana." Nitauliza maswali matatu.

La kwanza: winga akija, nani atampa mpira? Atajwe kwa jina, tumwangalie usoni. La pili: tukimlipa, nani anakosa? Maana kipa wetu amecheza mechi mbili akiwa na kidole kilichoteguka, na dawa yake imo kwenye mfuko uleule. La tatu: kocha tuliye naye atakuwepo mwezi ujao? Kama tunafikiria kumfukuza, tusimlete kijana wa watu kuja kufundishwa na watu watatu.

Maswali yote yakipata majibu, nitakuwa wa kwanza kupanda boti kwenda kumchukua. Yasipopata, basi tumtibu kipa, tulipe nauli, tumalize msimu na miguu yetu wenyewe, halafu mwakani tumwite winga akiwa mgeni wa kweli. Kura yangu nawaambia mapema ili nisije nikaonekana mnafiki: naona hatuna majibu.

Sijui kama watanisikiliza. Vijana wenzangu wamekwisha mpa yule winga jina la utani kabla hajavuka ziwa. Lakini baada ya kikao kile nilitembea na yule mzee mvuvi hadi mwaloni. Nikamuuliza kwa nini alimpinga mwenyekiti mbele ya watu. Akanionyesha taa juu ya boti yake. Siku hizi ni ya betri, lakini yeye bado anaiita karabai.

"Mwanangu," akasema, "mimi simkatai huyo kijana. Karabai ni kitu kizuri, dagaa wanakuja wenyewe. Lakini wavu ukiwa na matobo, umewakusanyia nani?"

Kisha akakaa mchangani, akatoa uzi, akaendelea kushona. Mwezi ulikuwa bado mkubwa. Alikuwa na siku nne za kumaliza.